Kuku Nyuma ya Karatasi

Nairobi,
4 Februari 2024

Kwa Senge Dinah,

Shangazi yangu, pokea salamu zangu hapo Shieywe, wewe na kuku wako wote. Mimi ni mzima. Kazi ya duka la dawa inaendelea, na joto la huku limetufanya tuuze maji kuliko dawa. Mama ananiambia mvua haijafika Ekero na amechoka kumwagilia sukuma wiki. Anakusalimu.

Najua masikio yako yamekataa simu, kwa hivyo nimenunua pedi ya karatasi kama mwanafunzi wako wa zamani. Ukiona makosa usinirudishie barua na wino mwekundu.

Sasa sikiliza. Wiki jana nilimsindikiza mwenzangu wa kazini kwenye nyumba moja ya kuuzia picha. Nikiwa nimesimama tu namsubiri, nikaona ukutani karatasi moja yenye picha za pakiti za sukari. Kumi na mbili, safu nne, nyekundu, buluu na kijani. Ile ya kwanza ni pakiti kamili, halafu kila moja inazidi kukatika pembetatu na duara, mpaka ya mwisho haina sukari tena, ni maumbo matupu. Chini, kwa penseli: *Kilo Moja Mara Kumi na Mbili, 4/30, W. Shikanga.* Senge, nilisoma jina hilo mara mbili. Nilimwambia mwenye nyumba ile, mama mmoja anaitwa Jepkorir, kwamba huyo ni baba yangu. Alinitazama viatu kwanza.

Baadaye alinieleza vizuri. Picha ya chapa hutolewa nakala kadhaa, na mchoraji huziandikia nambari na jina lake mwenyewe kwa penseli. Baba alitoa thelathini. Hiyo ya nne ilitoka kwa mzungu mmoja mzee aliyekuwa anahama nchi, na wakusanyaji wawili wa picha wakaigombania mpaka ikafika bei ya ekari mbili hapo Shianda. Jepkorir anasema karatasi moja ni kama uvumi. Zikipatikana nyingine, safi, zenye nambari, jina la baba litaingia kwenye kitabu ambacho wakusanyaji husoma kabla ya kununua. Baba yangu, ambaye mpaka leo huko nyumbani anaitwanga Weldon wa Makaratasi.

Mama anasema baba alipoachishwa kazi ya kiwanda cha kuchapa, alikuachia bomba la plastiki lenye karatasi zilizokunjwa, ishirini na tisa. Ziko? Usizikunjue. Niambie tu kwamba ziko.

Mwanao,
Lynette

———

Shieywe, Kakamega,
1 Machi 2024

Mpendwa Lynette, mwana wa Weldon,

Barua yako ilinipata nikiwa mzima kwa neema ya Mungu, ila goti la kushoto ambalo limeamua kuzeeka kabla ya mwenzake. Mwandiko wako bado unalala upande kama miwa baada ya upepo. Nilikuambia darasa la kwanza, na leo nakuambia tena.

Hapa mvua imeanza, saa nane kila siku, kama ina saa ya mkononi. Paa la jikoni linavuja mahali papya. Jirani yangu Gentrix alipata ndama, dume, na hakufurahi, lakini tulimwombea hivyo hivyo. Kuku walikuwa kumi na wanne. Mwewe alichukua wawili na mgeni mmoja wa kanisa tukamchinjia, sasa ni kumi na mmoja. Jogoo yule mwekundu ananifuata mpaka mlangoni na sina moyo wa kumfanya kitoweo cha kulia obusuma. Kwaya yetu ilikwenda Mumias na tukaimba vizuri, ingawa sauti ya kwanza walikimbia.

Msalimu mwenzako wa kazini. Kula vizuri, Nairobi watu hula mkate wakadhani ni chakula.

Kuhusu lile jambo la karatasi, nitatazama. Nyumba hii ina vitu vingi.

Shangazi yako,
Dinah

———

Nairobi,
22 Machi 2024

Kwa Senge Dinah,

Natumai goti limepata nafuu na paa limezibwa. Mimi sijambo.

Senge, barua yako ina kurasa mbili za kuku na mstari mmoja wa baba. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta mahali nimeruka. Nilimpigia Gentrix simu mara tatu akupe. Mara ya kwanza akasema umelala, mara ya pili uko kanisani, mara ya tatu nikakusikia kabisa ukimwambia, "Sema nimeenda soko."

Kama bomba limepotea, sema limepotea. Kama panya wamekula, sema ni panya. Mimi sijaja kukudai kitu. Nataka kujua tu.

Nitakuambia na kosa langu ili tuwe sawa. Jepkorir aliponiuliza kama zipo, nilimwambia zipo. Nilisema kwa mdomo wangu, mbele ya watu, kwamba shangazi yangu ni mwalimu na hawezi kupoteza karatasi. Kitabu chao kinafungwa mwezi wa saba. Kila wiki ananiuliza, na mimi kila wiki namwambia barua iko njiani.

Baba alikufa nikiwa na miaka kumi na tano, na kwenye mazishi watu walimsifu kwa upole wake tu, kwa sababu hawakuona kitu kingine alichofanya. Naomba hicho kitu kimoja.

Lynette

———

Shieywe,
2 Mei 2024

Mpendwa Lynette,

Nakusalimu. Mimi ni mzima wa mwili. Barua hii nimeianza mara nne na kuichana mara tatu, kwa hivyo leo sitaandika habari za kuku.

Bomba halikupotea. Panya hawakula. Nilizitumia mimi.

Mwaka wa tisini na nane nilikuwa na darasa la kwanza pale Shianda, watoto sabini na mmoja, na wewe ukiwa mmoja wao. Hatukuwa na karatasi ya manila hata kipande. Wenzangu walikuwa wanaandika silabi kwenye magunia ya saruji. Na mimi nyumbani, chini ya kitanda, nina karatasi nene, ngumu, kubwa, na mgongo wake ni mweupe kabisa. Nilichukua moja. Nilijiambia ni moja tu. Niliigeuza, nikachora mistari kwa rula, nikaandika silabi, nikaipigilia ukutani misumari pembe zote nne. Watoto wakasoma. Wiki iliyofuata nikachukua nyingine ya hesabu. Halafu ya siku za wiki, ya miezi, ya sehemu za mwili, ya wanyama. Nyingine niliwakatia wenzangu kadi za maneno. Mwaka ulipoisha bomba lilikuwa tupu, na nikatia humo maziwa ya unga ya ndama.

Sikuwa nimelewa, Lynette. Sikuwa na haraka. Nilikaa kwenye meza hii hii ninayoandikia, na makasi, na taa nzuri. Baba yako aliponipa bomba aliniambia, "Dada, niwekee. Usitupe. Hizi siku moja watu watakujanga kuziuliza." Mimi niliona pakiti za sukari. Sukari ambayo tuliiona kila siku dukani, kwa nini mtu aitundike ukutani? Nilidhani ni makaratasi ya kiwandani aliyopewa badala ya mshahara, na anaona aibu kusema. Hata yale maandishi ya penseli nilidhani ni alama za stoo.

Mwaka wa 2011 yale madarasa ya mabati yalibomolewa. Vitu vya zamani vilichomwa nyuma ya choo, na mimi nilisimama hapo nikihesabu madawati.

Umeniuliza kama baba yako alijua. Hapana, hukuuliza. Basi nijibu hivi: hakuwahi kuniuliza bomba liko wapi, mpaka siku anakufa.

Ninaona aibu ambayo sijui niiweke wapi. Mama yako usimwambie kwanza. Nikipata nguvu nitamwambia mwenyewe.

Shangazi yako,
Dinah

———

Nairobi,
11 Mei 2024

Senge,

Nimesoma.

Sina neno ambalo sitajuta kuliandika. Kama imebaki hata moja, popote, katika hali yoyote, itume.

Lynette

———

Shieywe,
29 Mei 2024

Mpendwa Lynette,

Nakusalimu, hata kama wewe hukunisalimu. Ulikuwa na haki.

Nilikwenda Shianda. Mwalimu mkuu wa sasa alikuwa mwanafunzi wangu, alinifungulia stoo na kuniletea kiti, nami nikakikataa. Nilitafuta siku mbili. Nilitoa majembe, nikatoa mipira iliyokufa, nikatoa picha ya kamati ya mwaka wa themanini na nne. Siku ya pili, chini ya kabati lisilo na mguu, nilipata moja. Ilikuwa imewekwa hapo kabati lisiyumbe.

Ni ile ya wanyama. Mbele rangi bado ni mbichi. Mchwa walianza kona ya juu wakaacha, ila hawakufika kwenye picha. Matundu ya misumari yapo, manne. Penseli inasomeka: 11/30, na jina lake. Nimeipanguza vumbi kwa kitambaa kikavu tu. Nilikaa nayo mezani usiku mmoja nikaitazama upande wa mbele, kwa mara ya kwanza naweza kusema. Ni nzuri, Lynette. Sikujua. Ile pakiti ya tano, inapoanza kukatika, ilinifanya nitake kulia, na sijui ni kwa nini.

Naituma kwa basi, kati ya mbao mbili, na ada ya mzigo nimelipa huku.

Nyuma utaona mwandiko wangu na vitu vingine. Kuna jambo nataka kukuandikia kuhusu huo upande wa nyuma, lakini leo mkono umekataa. Nitaandika.

Dinah

———

Shieywe,
30 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Lynette,

Natumai mzigo ulifika, maana hujasema. Mimi nimekuwa mgonjwa kidogo, malaria, lakini nimesimama. Gentrix alinipikia uji siku tano na kuniuliza ni kitu gani kinanila. Nilimwambia ni homa.

Mwezi mzima nimekuwa nikikuandikia barua hii kichwani. Nimekuambia nusu. Nusu nyingine ni hii.

Baba yako alijua.

Ilikuwa Jumatano, muhula wa pili. Ulikuwa umesahau sweta, naye akakuletea. Alisimama mlangoni na lile sweta la kijani. Wewe ulikuwa dawati la mbele, ulikuwa mdogo, najua hukumbuki. Upepo ulikuwa umeng'oa msumari wa chini wa chati ya wanyama, kona ikawa inapiga ukuta. Alikuja kuirudisha, kwa sababu Weldon hakuweza kuona kitu kimelegea akakiacha. Akaishika kona kwa kidole. Akaona buluu. Akainua kidogo zaidi, halafu akaishusha polepole. Akatazama ukuta wote, chati moja baada ya nyingine, zilikuwa tisa siku hiyo. Kisha akanitazama mimi.

Nilikuwa nimeshika kijiti cha kuonyeshea. Nakumbuka nilikishika kwa mikono miwili.

Kwenye chati ile nilikuwa nimeandika majina ya wanyama sita, kila mmoja na kisanduku cha picha. Watano nilijaribu mwenyewe, na watoto walimcheka ng'ombe wangu wakasema ni mbwa mwenye pembe. Cha sita, cha KUKU, nilikuwa nimekiacha wazi kwa kuogopa. Baba yako akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, huyu wa mwisho mbona hana picha?" Nikampa kalamu nene ya wino. Akamchora papo hapo amesimama, kuku wa nyumbani tu, si wa pembetatu, mwenye miguu na yai moja chini. Watoto wakapiga kelele, "Kukuuu!" Akafunga kalamu kifuniko chake, akanirudishia. Akasema, "Asante, dada."

Ningeweza kusema pole. Ni neno dogo, nalifundisha watoto wa miaka sita. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Karibu tena, mzazi."

Baada ya mwezi aliuza vifaa vyake vyote vya kuchapia, akapanda miwa. Hakuchora tena. Watu husema Nairobi ndiyo ilimvunja, wengine husema pombe. Mimi huwaacha waseme. Mimi ndiye nilimwona akiacha, saa nne asubuhi, mbele ya watoto sabini na mmoja, na miaka yote hii nimemsikia akisema asante.

Siku ya wafiwa kunyolewa nywele, baada ya mazishi yake, mzee wa ukoo alisimama akauliza kama desturi ilivyo: aliye na kitu cha marehemu aseme sasa. Unakumbuka watu walisimama, mmoja na panga, mwingine na baiskeli. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mama yako, nimemshika mkono. Sikusimama.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba kitu kimoja. Huyo kuku usimwache mtu amguse. Maneno yote ni yangu na wale wanyama wabaya ni wangu, wafute ukitaka. Kuku si wangu. Kwa ninavyojua ndiye kitu cha mwisho ambacho mkono wa ndugu yangu ulichora.

Dinah

———

Nairobi,
21 Julai 2024

Kwa Senge Dinah,

Pole kwa malaria. Mshukuru Gentrix kwa uji. Mimi ni mzima. Mzigo ulifika tarehe mbili Juni, bila mkunjo hata mmoja, na nilikaa kimya kwa makusudi ili uumie. Uliumia, naona.

Barua yako ilifika Jumatatu iliyopita. Ilichukua siku kumi na tano. Karatasi ilikwisha kusafishwa tangu tarehe ishirini Juni. Jepkorir ana fundi wake wa kutibu karatasi, mzee mpole, anatumia dawa na pamba, kidogo kidogo, siku tisa. Mgongo sasa ni mweupe. Ukiinamisha kwenye mwanga huoni hata mstari wa rula yako. Imenunuliwa, na aliyeinunua ameahidi haitatoka nchini. Jina la baba limeingia kwenye kitabu, ukurasa mzima, mwaka aliozaliwa, Shianda, na picha ya nambari kumi na moja kwa rangi. Nilitaka hicho, nimekipata. Nakala yako iko humu ndani ya bahasha.

Ningeweza kumalizia hapo. Ningesema barua yako ilichelewa, wewe ungesema ulichelewa kuandika, na lawama tungeiachia posta. Nimejaribu kuiandika barua ya namna hiyo. Iko kwenye pipa.

Senge, nakumbuka. Sweta lilikuwa limetoboka kiwiko. Nilikuwa dawati la mbele na nilimwona baba yangu akichora kuku, na darasa zima likapiga kelele, na nikawa mtoto mwenye kiburi kuliko wote Shianda kwa wiki nzima. Sikujua alichokiona chini ya kona. Nilijua tu kwamba jioni, tukirudi, alinishika mkono mpaka mtoni bila kusema neno, na alikuwanga mtu wa kuongea njiani.

Nilipofungua mbao zako nikageuza karatasi, nilimwona kuku kabla sijaona kitu kingine. Nilimtambua hapo hapo. Yai na yote. Nilikaa naye kitandani.

Lakini juu yake kulikuwa na neno KUKU, kwa herufi zako zile zilizonyooka, na pembeni ng'ombe wako, na kichwani "Mwl. D. Shikanga, Darasa la 1". Nilikuwa na hasira na mwandiko huo kiasi kwamba nilitaka uondoke mgongoni kwa baba, wote, nisiuone tena. Jepkorir alikuwa amesema wakusanyaji hupenda mgongo safi. Kumbakiza kuku kungenilazimu kueleza, na kueleza kungekutaja wewe, na mimi niliyejisifu kuhusu shangazi yangu mwalimu sikutaka kusema. Nikajiambia labda kuku ni wako. Nikajiambia kwamba nilikuwa mtoto, na watoto hukumbuka vibaya.

Jana Jepkorir alinipigia. Mkusanyaji mmoja amesoma kitabu, anauliza kama familia ina kitu chochote ambacho Shikanga alichora kwa mkono, hata mchoro mdogo wa kalamu, kwa sababu cha namna hiyo hakuna mtu amewahi kukiona. Nilimwambia hakuna.

Ijumaa ya wiki ijayo nitapanda basi nije Shieywe. Jogoo mwekundu usimchinje. Twende pamoja Ekero, tumwambie mama, wewe ukianza na bomba na mimi nikimalizia na mzee wa pamba. Sitaki umwambie sehemu yako peke yako, ataona ni wewe tu.

Yule mzee aliifungua karatasi mezani kwake, akavaa miwani, akatabasamu. Akaweka kidole karibu na kuku, bila kumgusa, akaniuliza, "Na huyu pia atoke?" Nikamwambia, yote.

Mwanao,
Lynette